Dume Mwekundu Abaki Zizini

Je, kijijini kwako bado wako kondoo wekundu wa Kimasai? Ni wale wenye manyoya mafupi na mkia wa mafuta. Wamasai na majirani zao wa Kenya na kaskazini ya Tanzania wamewafuga tangu zamani. Mama akijifungua hupewa mafuta ya kondoo ili apate nguvu.

Leo kondoo hawa safi wanapungua. Tangu katikati ya miaka ya 1970, wafugaji wa Kenya walianza kupata madume wa Dorper. Huyu ni kondoo aliyetokana na kazi ya wataalamu wa Afrika ya Kusini, walioanza kumchanganya katika miaka ya 1930. Ni mkubwa, ana nyama nyingi, na mnadani huleta fedha zaidi. Simlaumu mfugaji aliyemtaka. Lakini watu wengi waliwapandisha majike wao wote kwa dume mgeni. Watoto wao pia wakapandishwa hivyo hivyo. Wachache tu waliweka kando majike wekundu na dume wao.

Sasa sikiliza habari ya minyoo. Yuko mnyoo mmoja mbaya anayekaa tumboni mwa kondoo na kunyonya damu. Mvua ikinyesha, minyoo wachanga hupanda juu ya majani, na kondoo huwala pamoja na majani hayo. Kondoo mgonjwa utamjua. Mfunue kope la jicho. Ndani patakuwa peupe badala ya pekundu. Baadaye huvimba chini ya taya, hukonda, kisha hufa.

Kondoo mwekundu naye hupata minyoo, lakini mwili wake hupigana nao vizuri zaidi. Katika miaka ya 1990 wataalamu walimlinganisha na Dorper huko Diani, pwani ya Kenya, penye unyevu na minyoo wengi. Watoto wa kondoo wekundu walikufa wachache kuliko watoto wa Dorper. Mahali pakavu tofauti yao si kubwa hivyo. Hilo nalo lazima lisemwe.

Utaniambia, "Dawa ya minyoo ipo dukani." Ndiyo, ipo, lakini haitolewi bure. Tena ikitumiwa ovyo, au kwa kipimo kidogo, minyoo huizoea. Ikifika hapo, utanunua chupa na kondoo atakufa.

Sisemi umfukuze Dorper. Chotara ni mnyama mzuri wa kuuza. Lakini chotara huzaliwa na jike mwekundu. Majike wekundu wakiisha, chotara utampata wapi? Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo ina kundi la kondoo wekundu katika shamba la Kapiti, Kenya. Ni jambo jema, lakini kundi la shamba moja halitoshi vijiji vyote.

Basi, zungumza na jirani zako. Jamaa wanne au watano wanaweza kutumia dume mwekundu mmoja. Madume chotara wasichungwe pamoja na majike wekundu, au wahasiwe wakiwa wadogo. Dume asiwapande binti zake. Kabla hawajakua, mbadilishane dume na kijiji kingine.

Siku ya mnada ikikaribia, watazame kondoo wako baada ya mvua. Dume mwekundu aliyenenepa bila dawa, na ndani ya kope zake ni pekundu, huyo usimuuze.