BETRI KUUKUU: FAIDA YA NANI, SUMU YA NANI?

Kurejeleza taka, yaani kuzigeuza kuwa malighafi tena, ni jambo linalosifiwa kila mahali, na ni sifa ya haki. Lakini leo katika ukurasa wetu wa afya tuulizane swali moja: kiwanda kinapogeuza taka kuwa mali, uchafu unaobaki unakwenda kwa nani?

Tuchukue mfano wa betri ya gari, ambayo siku hizi iko pia katika nyumba nyingi zenye umeme wa jua. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi hiyo imelala ndani ya asidi kali. Risasi huweza kuyeyushwa na kutumika tena na tena, na ndiyo maana betri kuukuu ina bei. Kazi ya kuiyeyusha yaweza kufanyika kwa usalama. Ikifanywa ovyo, asidi humwagwa ardhini, na moshi na vumbi la risasi hutua juu ya mabati, katika visima na katika mchanga wanamochezea watoto.

Mambo hayo yalitokea katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi huko mwaka 2007, ubavuni mwa nyumba za watu wapatao 3,000. Phyllis Omido, mama aliyeajiriwa kiwandani, alipouguliwa na mwanawe mchanga, vipimo vilionyesha kuwa mtoto ana risasi katika damu. Aliacha kazi, akawaunganisha majirani, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa ilitengua amri hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Tuelewe ubaya wa sumu hii. Hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mwili wa mtoto mdogo huivuta mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Hupunguza damu, huumiza tumbo, huharibu figo, na ikizidi huleta degedege na kifo. Hata ikiwa kidogo hudhoofisha akili, mtoto akawa mzito wa kujifunza bila mzazi kujua sababu. Tena hujificha katika mifupa kwa miaka mingi, na mama anapopata mimba hutoka humo na kumfikia mtoto tumboni. Dawa za kupunguza risasi mwilini zipo, lakini haziurudishi ubongo ulioharibika. Hapa kweli kinga ni bora kuliko tiba.

Wapo wasemao kwamba viwanda vinaleta ajira, basi tuvumilie. Mimi sikubali. Kazi inayompa baba mshahara na kumpa mwanawe sumu ni hasara iliyofunikwa kwa noti. Gharama ya vichujio vya moshi, ya kusafisha asidi, ya mavazi ya kazi, ya mabafu na ya kupima damu za wafanyakazi ni sehemu ya gharama ya risasi yenyewe. Mwenye kiwanda asipoilipa, haifutiki. Italipwa na mama wa jirani kwa afya ya mtoto wake. Anayechafua ndiye alipe, na alipe kabla ya madhara, si baada ya miaka mingi ya kesi.

Wala serikali isijitoe. Katika hukumu ya 2020 mahakama haikukilaumu kiwanda peke yake. Taasisi za serikali nazo ziliamriwa kulipa, ikiwamo NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Kwa hiyo kiwanda cha namna hii kikiletwa karibu nanyi, ulizeni mapema, tena kwa pamoja: tathmini ya mazingira iko wapi? Maji machafu yatakwenda wapi? Nani atapima damu za watoto, na mara ngapi?

Nyumbani nako tuna wajibu. Usivunje betri wala kumwaga asidi yake uani. Usiyeyushe risasi jikoni, hata kama ni kwa kutengeneza chubwi za kuvulia samaki. Betri iliyokufa mrudishie muuzaji akiwa anazipokea, wala usimwuzie mtu anayezipasua mtaani kwa shoka. Anayefanya kazi ya betri aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na wapewe maharage, mboga za majani, dagaa na maziwa, kwani mwili wenye madini ya kutosha huvuta risasi kidogo zaidi. Ukiwa na wasiwasi, mweleze daktari kazi unayofanya na jirani uliye naye, umwombe kipimo cha damu.

Turejeleze taka, ndiyo. Lakini kiwanda kinachookoa risasi na kupoteza watoto hakijaokoa kitu.