Usipande Kilimanjaro kwa koti la fahari na soksi za pamba

UKISIMAMA kwenye mashamba ya ndizi hapa Mboghoni asubuhi isiyo na mawingu, utaiona theluji ya Kibo waziwazi, utadhani ni safari ya saa moja kwa baiskeli. Ukaribu huo ni wa macho tu. Taveta iko kama mita 750 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kwa wastani, joto hushuka nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hebu piga hesabu mwenyewe, msomaji. Usiku ambao sisi huku chini tunajifunika shuka moja kwa joto la nyuzi 20, kule juu huwa ni kama nyuzi 10 chini ya sifuri. Upepo ukivuma, mwili huumia kana kwamba ni baridi kali zaidi ya hiyo.

Nalitaja jambo hili kwa sababu siku hizi wanaoupanda mlima huo si watalii wa Ulaya peke yao. Vijana wa huku kwetu, wafanyakazi wa afisi na wanafunzi wa vyuo kutoka Voi, Mombasa na Nairobi huchangishana pesa, wakavuka mpaka pale Holili na kuelekea Marangu. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa ada nafuu za mbuga kuliko wageni wengine, na hilo ni jambo jema. Si haki mlima ulio mlangoni petu uwe wa watu wa mbali pekee.

Hata hivyo, nikiwa daktari wa kutibu maradhi ya kila siku, nina maoni yangu kuhusu jinsi wengi wanaokwenda mara ya kwanza wanavyotumia senti chache walizo nazo. Hununua kitakachoonekana vizuri pichani, kisha wakabana matumizi mahali ambapo uhai wenyewe umeegemea. Wakija kwangu kabla ya safari, swali lao huwa ni moja: "Daktari, pesa ni kidogo, tununue nini?" Jibu langu ni hili: kinachogusa ngozi na nyayo, nunua, kinachovaliwa juu ya vyote, kodisha, na siku za safari, usizipunguze hata moja.

Mtumba hauna makosa

Kuna wanaoshauri kwamba asiye na pesa za vifaa vipya abaki nyumbani. Mimi siungi mkono ushauri huo. Majaketi mengi mazito yanayofunguliwa kwenye marobota ya mitumba yalishonwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani wanaoteleza juu ya theluji kwa mbao miguuni. Mwenyewe alinenepa au mtindo ukapitwa na wakati, koti likatolewa. Likafika Gikomba, Kongowea, soko la Taveta au soko la Memorial mjini Moshi, na muuzaji ambaye hana haja na theluji akalitundika pamoja na makoti ya mvua. Mnunuzi mwenye macho anaweza kupata hapo kifaa cha maana kwa bei ya chini sana kuliko ile ya dukani.

Lakini ni lazima ajue anachotafuta. Jaketi la kuzuia maji lijaribu kwa maji. Muombe muuzaji ruhusa, mwagia matone machache begani na kwenye mishono. Maji yakisimama na kuteleza, nguo hiyo ingali na nguvu. Yakinywewa mara moja, waachie wengine. Geuza koti ndani nje uone kama utepe uliobandikwa juu ya mishono umeanza kubanduka. Jaketi la manyoya ya ndege liinue kwenye mwanga. Ukiona mabonge hapa na mapengo pale, joto litatoka kupitia kwenye mapengo hayo. Pia kumbuka kwamba manyoya hayo yakilowa hayapashi joto tena.

Viatu vinahitaji uangalifu zaidi. Buti ya mtumba inaweza kung'aa kama mpya, kumbe sifongo iliyo kati ya soli na ngozi imeoza kwa kukaa miaka mingi katika ghala. Kunja kiatu kwa mikono miwili, kisha bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Ikitoa unga au nyufa, usikinunue hata kwa bei ya kutupa. Soli kama hiyo hubanduka njiani, na mlimani hakuna fundi wa viatu. Nenda ukajaribu viatu jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga. Vaa soksi nzito utakazopanda nazo. Simama kwenye mteremko huku vidole vikielekea chini; vikigonga mbele, viatu hivyo ni vidogo, na siku ya kushuka utapoteza kucha. Kisha vivae kwa wiki kadhaa shambani na barabarani kabla ya safari.

Adui ni unyevu

Nguo ninayoiogopa ni fulana ya pamba, hasa pamoja na soksi za pamba na suruali ya jinzi. Pamba ni rafiki yetu huku kwenye joto kwa sababu hunywa jasho na kutupoza. Kule juu, sifa hiyo hiyo inageuka hatari. Mtu hutoka jasho akipanda, akapumzika, na ile nguo mbichi ikaendelea kunyonya joto lake. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayozidi ile ya hewa kavu zaidi ya mara 20. Kwa hivyo mtu aliyelowa anaweza kuzidiwa na baridi hata mahali ambapo hakuna barafu.

Dalili zake ni hizi: kutetemeka kusikozuilika, ulimi mzito, mikono kushindwa kufunga kamba za viatu, na mtu kuanza kunena yasiyoeleweka. Akiacha kutetemeka ilhali bado yuko barafu tupu, msidhani kwamba amepata nafuu. Mwili umeishiwa nguvu.

Dawa ya jambo hili ni ya bei nafuu. Ndani kabisa vaa fulana ya polista, hata ile jezi ya kuchezea kandanda, au ya sufu nyepesi. Katikati vaa sweta la sufu au la manyoya bandia. Juu ya yote vaa nguo ya kuzuia upepo na maji. Nguo tatu nyepesi zinazopandana hushinda koti moja nzito, kwa kuwa unaweza kuvua moja kabla ya kutoka jasho. Ongeza boshori la sufu linalofunika masikio, na glavu zilizounganisha vidole, maana vidole vinne vikikaa pamoja hupashana joto. Jozi mbili za soksi za sufu zifungie ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na moja uitunze kwa ajili ya usiku wa kilele pekee.

Miwani ya jua pia si urembo. Miale ya jua inayounguza macho huongezeka kadiri unavyopanda, na theluji huirudisha usoni kama kioo. Miwani yenye giza tu, isiyo na kinga dhidi ya miale hiyo, ni hatari, kwa kuwa mboni hupanuka nyuma ya giza hilo na kuikaribisha miale ndani. Hapo afadhali ulipe zaidi kidogo.

Mfuko mzito wa kulalia, koti nene la usiku wa mwisho na fimbo za kutembelea, vyote vinakodishwa Moshi. Hutavihitaji tena ukirudi Voi. Huna sababu ya kuvimalizia akiba yako.

Siku moja zaidi ndicho kifaa bora

Sasa nafika kwenye jambo linalonikera. Nimeona vikundi ambavyo, baada ya kununua makoti, huona pesa zimepungua, na mtu wa kwanza kukatwa katika bajeti ni ile siku ya ziada ya kupumzika. Badala ya siku sita wanakwenda tano. Huko ni kununua mlango na kuuza nyumba.

Hakuna koti linalozuia ugonjwa wa kimo. Kileleni, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ufuoni Mombasa. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka muda. Kanuni wanayoifuata madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya kama mita 500 kwa siku. Itazame basi njia ya Marangu. Kituo cha Mandara kiko kama mita 2,700, Horombo kama 3,700, na Kibo kama 4,700. Kila siku unaruka takriban mita 1,000, kisha usiku wa manane unaamshwa kuelekea kilele. Siku ya kupumzika Horombo haitoshi kuitimiza kanuni hiyo, lakini inapunguza hatari. Anayeikata anaukimbiza mwili wake mahali ambapo hauwezi kumfuata.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kukosa usingizi ni onyo. Mwenye dalili hizo asipande tena mpaka zimtoke. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, akachanganyikiwa, au akahema ilhali ameketi na kukohoa mate yenye povu au damu, hapo ubongo au mapafu yamejaa maji. Ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana, wala asiachwe ashuke peke yake. Kuna vidonge vya asetazolamaidi vinavyousaidia mwili kuzoea, lakini haviwezi kuchukua mahali pa muda, na havimfai kila mtu. Muulize daktari wako kabla ya kununua.

Wakati wa kumuona daktari, mweleze pia kuhusu maradhi mengine. Mwenye ugonjwa wa selimundu hafai kupanda kimo hicho kabisa, na hata aliyerithi chembe moja tu ya ugonjwa huo bila kuumwa anapaswa kupata ushauri kwanza. Wajawazito na wenye upungufu wa damu, pumu au matatizo ya moyo wasiende kwa kubahatisha. Tukumbuke pia kwamba sisi wa Taveta tunaishi penye malaria. Ukiwa na homa wiki ya safari, pimwa damu. Usije ukafika Horombo na kudhani kwamba malaria ni kimo.

Aliyebeba mzigo wako

Kuna mtu mmoja ambaye hayumo katika bajeti za wengi, naye ni mpagazi. Vijana wengi hupata riziki kwa kazi hiyo. Mpagazi hupita kwenye baridi ile ile, akiwa na mzigo mgongoni, na mara nyingi yeye ndiye aliyevaa viatu vilivyopasuka. Baridi haimbagui kwa kuwa amezaliwa chini ya mlima.

Kabla hamjalipa, muulizeni mwenye kampuni maswali manne: wapagazi wanalala wapi, wanakula mara ngapi, wanalipwa kiasi gani, na nani hupima mizigo yao isizidi kilo 20? Anayekasirishwa na maswali hayo, mwacheni. Mjini Moshi kuna shirika liitwalo KPAP linalowaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Jaketi utakalokuwa humlihitaji baada ya safari, lipeleke huko, au mpe aliyekubebea. Halafu kijana wa hapa Mboghoni anayekwenda kutafuta kazi hiyo ajue kwamba kuomba nguo si aibu. Kidole cha mguu kikiganda na kufa, hukatwa, na shamba la ndizi bado linahitaji mtu wa kusimama.

Iwapo kidole kimeganda, usikisugue, wala usikiweke karibu na moto, kwa sababu nyama iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Kama hakuna hatari ya kuganda tena, kitumbukize katika maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, kisha mfikishe mgonjwa hospitalini.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukipanga safari anza bajeti yako na siku. Andika siku sita kwanza. Chini yake andika viatu na soksi, kisha nguo za ndani, kisha miwani na tochi. Kisha andika bakshishi ya wapagazi. Koti la fahari liwe la mwisho. Ukiona pesa zimeisha kabla hujafika kwenye koti, likodishe. Ukiona zimeisha kabla ya siku ya sita, ahirisha, ongeza akiba, uende mwakani. Mlima hauhami.