Kamba Ina Miiba: Jibu kwa Wanaotaka Kiswahili Kikae Mbali na Chuma



Majuzi, katika baraza letu la alasiri hapa Forodhani, mwenzangu mmoja niliyefundisha naye miaka mingi alitamka neno lililoniondolea ladha ya kahawa. Tulikuwa tukitazama kreni za bandari upande wa Malindi. Kijana mmoja aliyeketi nasi akauliza: "Walimu wangu, ile kamba ya chuma inayoinua makontena, sehemu zake zaitwaje kwa Kiswahili?" Kabla sijafungua kinywa, mwenzangu akamjibu: "Mwanangu, Kiswahili ni lugha ya mapenzi na hekima. Vyuma tuwaachie wenyewe Wazungu." Baraza likaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Nianze na mahali yaliposemwa hayo. Forodhani ni penye forodha. Kabla ya kuwa bustani katika miaka ya 1930, ufuko huu ulikuwa mlango wa bidhaa, na walioshusha na kupakia mizigo hapa walikuwa na msamiati uliokamilika. Jahazi lilikuwa na henza ya kutweka foromali, jarari ipitayo katika kapi, demani ya kuongoza tanga na amari ya kushika nanga. Kila kamba ilikuwa na jina kwa kuwa kila kamba ilikuwa na kazi, na nahodha akiamuru kamba fulani ilegezwe wakati wa dhoruba, hapakuwa na nafasi ya kukosea. Nanga tuliipata kwa Waajemi, roda na amari kwa Wareno, forodha yenyewe kwa Waarabu. Mabaharia wale hawakuona haya kukopa wala hawakuona uzito kuunda. Leo wajukuu wao tunaambiwa kwamba lugha ile ile ikifika kwenye kreni hupatwa na kigugumizi!

Tena kamba ya chuma si mgeni wa jana kwetu. Nyuma ya bustani hii limesimama Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Jumba hilo lilikuja kuwekewa lifti, nayo hutajwa kuwa miongoni mwa za mwanzo Afrika Mashariki. Na lifti ya namna ile ni nini kama si chumba kinachoning'inia kwenye kamba ya chuma?

Sasa nimjibu kijana wetu. Kamba ya chuma ilitengenezwa mwaka 1834 huko Ujerumani, katika migodi ya milima ya Harz, na afisa wa migodi aitwaye Wilhelm Albert. Minyororo ilikuwa ikimsumbua, kwa kuwa pete moja ikikatika mzigo wote huanguka bila onyo. Akachukua nyuzi za chuma 4, akazisokota pamoja. Kisha misokoto 3 ya namna hiyo akaisokota tena ikawa kamba moja. Uzi mmoja ukikatika, zilizobaki huendelea kubeba, na mtu mwenye macho hupata muda wa kuona na kuchukua hatua. Aina moja iliyo ya kawaida siku hizi ina misokoto 6, kila msokoto nyuzi 19, jumla nyuzi 114, zimeuzunguka moyo. Moyo huo aghalabu huwa wa chuma au wa nyuzi za mmea, na mmea uliotumika sana ni mkonge, ule ulioingia Tanganyika mwaka 1893. Katani hushika grisi na kuilainisha kamba kutoka ndani. Uzi, msokoto, moyo: je, kuna neno hapo ambalo bibi zetu waliosokota kamba za makumbi pale Unguja wangelihitaji kufasiriwa?

Mwenzangu atasema: hayo ni mapambo, kazi inakwenda hata bila majina. Namjibu kwa kisa cha mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sitamtaja, wala sitaitaja kampuni iliyomwajiri. Alikuwa kibarua wa ujenzi, akisimamia winchi ya kuinulia zege. Siku moja glavu zake zilinaswa na kamba. Akamwendea msimamizi, akamwambia: "Kamba ina miiba." Msimamizi akacheka, akamwonyesha fomu ya ukaguzi iliyoandikwa kwa Kiingereza tupu, akamwuliza miiba imeandikwa wapi humo. Kamba ikarudishwa kazini. Siku ya tatu ilikatika. Mungu alistiri roho, lakini kijana wangu leo anachechemea.

Alichokiona kilikuwa kweli tupu. Miiba ile ni ncha za nyuzi zilizokwisha kukatika. Mabaharia wa Kiingereza huziita kulabu za nyama, na hakuna anayewacheka. Kanuni za kreni za ujenzi huko Marekani huamuru kamba inayokwenda iondolewe kazini zikionekana nyuzi 6 zilizokatika ndani ya urefu wa mzunguko mmoja wa msokoto, au 3 katika msokoto mmoja. Mwanafunzi wangu alikuwa na macho, alikuwa na neno, tena neno zuri. Alichokosa ni lugha yake kupewa kiti pale inapoamuliwa kamba ipi ifanye kazi na ipi itupwe.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Sisi washairi tumeitumia methali hiyo kwa ndoa, kwa urafiki na kwa siasa, tukasahau kuwa kwanza ni methali ya kamba. Inatuamuru tupatafute pabovu kabla hapajatutafuta sisi. Na ubovu una namna zake, kila namna na kitenzi chake: uzi hukatika, uso wa kamba hulika, kipenyo hukonda, kamba hukunjika isikunjuke, misokoto hufumuka ikavimba kama tundu la ndege, na hewa ya chumvi kama hii yetu huilisha kutu. Kukatika, kulika, kukonda, kukunjika, kufumuka, kuota kutu. Vitenzi sita. Vibandikwe ukutani kwenye kila eneo la kazi, na kibarua yeyote atajua asubuhi ile ile anatafuta nini.

Nakubali hoja moja ya upande wa pili: maneno yanayobuniwa mezani bila ya fundi hufia mezani. Kwa hiyo sidai tufute winchi wala kreni. Zimekwisha kuwa zetu kama nanga. Sipigani na mkopo. Ninapigana na ile fikra kwamba mtu anayefanya kazi ya hatari kwa mikono yake hastahili kuielewa kwa lugha anayoota nayo ndoto.

Nanyi washairi, lawama ya mwisho ni yenu na yangu. Kila tarehe 7 Julai tunakiimbia Kiswahili sifa mpaka sauti zinakauka. Mafundi wa Kiingereza wana usemi wa kukumbushana namna ya kufunga kibano cha kamba, kwamba farasi mfu hatandikwi, yaani tandiko la kibano likae upande unaobeba mzigo, na upinde wake ubane upande wa mkia. Ukigeuza, upinde huuminya upande wenye kazi na kuudhoofisha. Wao wana usemi, sisi wenye vina na mizani tuna nini? Nimejaribu ubeti mmoja, nanyi mwaweza kuushinda:

Tandiko lende mzigo, upinde kwenye mkia,
Usidharau kidogo, uzi ukikatikia,
Usipe kamba kisogo, macho ukaiachia,
Ikikatika ni pigo, roho zikaangamia.

Si ubeti wa kupewa tuzo. Lakini kijana aliyeuliza swali aliuhifadhi kabla kahawa haijapoa, na alipoondoka alikuwa akiurudia. Mwenzangu naye alimsikia. Namngojea alasiri ya kesho, anieleze tena kuwa Kiswahili kikae mbali na chuma.