UKURASA WA MFUGAJI: Punda amezeeka, tumfanyeje?

Mwezi huu tuzungumze juu ya punda mzee. Jambo hili huwapata wafugaji wengi, lakini ni wachache wanaolizungumza.

Maksai akizeeka hatupati shida. Tunampeleka mnadani. Tunapata fedha, kisha tunatafuta maksai mwingine aliye kijana. Lakini punda je? Wengi wetu hatuli nyama yake. Na mkulima mwenzako hawezi kununua punda asiyeweza kubeba mzigo. Basi punda anabaki uani. Amesimama, anakula. Nawe kila asubuhi unamtazama na kujiuliza: Nimweke au nimwondoe?

Katika nchi nyingine watu hujiuliza swali hili juu ya farasi asiyeweza kupandwa tena. Kwetu farasi ni wachache, maana ugonjwa unaoletwa na mbung'o huwaua upesi. Farasi wa mkulima wa Tanzania ni punda. Kwa hiyo swali ni lilelile.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Fikiri juu ya nyumba moja ya Mwese, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Mwese ni nchi ya vilima na mabonde. Nyumba iko juu, maji yako chini bondeni. Shamba la mahindi na maharage liko ng'ambo ya kilima.

Nyumba hii ina punda jike. Walimnunua akiwa na umri wa miaka 4. Sasa ana miaka 18. Amefanya kazi miaka 14. Siku hizi akibebeshwa mzigo anasimama katikati ya mlima. Juzi alianguka, na madumu yakamwagika.

Siku moja akapita mtu mwenye pikipiki. Akasema, "Punda huyo nitamnunua. Mzee au mgonjwa, mimi sijali." Akataja bei.

Baba akafurahi. Akasema, "Mama watoto, tumshukuru Mungu. Punda huyu anakula bure, na leo amepata mnunuzi."

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Baba watoto, kabla hujapokea fedha hizo, kwanza tufanye hesabu. Maji ya nyumba hii nayateka mimi. Punda huyu namjua kuliko wewe."

Wewe msomaji ungesemaje? Tufanye hesabu pamoja na mama huyu.

HESABU YA MIAKA 14

Punda alibeba madumu mawili ya lita 20. Hizo ni lita 40 kwa safari moja. Kwa siku alikwenda safari mbili. Jumla ni lita 80.

Bila punda, mama hubeba ndoo moja ya lita 20 kichwani. Kupata lita 80 angekwenda safari nne. Punda alimwokolea safari mbili kila siku. Ikiwa safari moja ni saa moja, punda alimwokolea saa mbili kwa siku. Kwa mwaka ni saa 730. Kwa miaka 14 ni saa 10,220.

Hapo hatujahesabu mahindi ya shambani, kuni, wala mgonjwa aliyepelekwa zahanati mgongoni mwa punda.

Wazee husema, "Fadhila ya punda ni mateke." Maana yake, ukimtendea wema mtu asiye na shukrani, atakulipa ubaya. Lakini leo tuigeuze methali hii. Punda ametutendea wema miaka 14. Je, fadhila ya mtu ni nini?

JE, NI UZEE AU NI UGONJWA?

Kabla ya kukata shauri, jua kwanza kinachomsumbua punda. Si kila punda anayekataa mzigo ni mzee. Wengine ni wagonjwa, na wanaweza kupona. Mchunguze hivi:

1. Tazama meno. Punda akifika miaka 5 hivi, meno yote ya mbele huwa ya utu uzima. Baadaye husagika kidogo kidogo. Meno ya punda mzee huelekea mbele, hayasimami wima. Punda anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 25, hata 30. Kwa hiyo punda wa miaka 10 si mzee. Akiwa amechoka, tafuta sababu nyingine.

2. Tazama kwato. Kwato zikirefuka sana, punda huchechemea. Mtu anayejua kazi hiyo azipunguze.

3. Tazama mgongo. Kidonda hutokea mahali mzigo unaposugua. Punda mwenye kidonda asibebeshwe kitu mpaka apone. Halafu mtengenezee tandiko laini na nene, lisigandamize uti wa mgongo.

4. Tazama mwili. Punda aliyekonda anaweza kuwa na minyoo. Katika mapori ya Katavi wako mbung'o pia. Ugonjwa wanaouleta humkondesha punda na kumpunguzia damu. Mwite bwana mifugo. Usimpe punda dawa ya ng'ombe kwa kukisia. Dawa inayomfaa ng'ombe inaweza kumdhuru punda.

Ukishapata jibu hapa, huenda punda wako akarudi kazini.

AKIWA NI MZEE KWELI

Sasa tuseme ni uzee. Punda mzee hawezi kupanda mlima na madumu mawili. Lakini hiyo haina maana kwamba hana kazi tena. Ziko kazi tatu anazoziweza.

Kazi ya kwanza ni mizigo midogo. Anaweza kubeba majani ya mifugo au kuni chache mahali tambarare.

Kazi ya pili ni kufundisha. Punda kijana akitembea na mzee anayeijua njia, hujifunza upesi. Haogopi daraja wala pikipiki, kwa sababu mwenzake haogopi.

Kazi ya tatu ni samadi. Kinyesi chake kikichanganywa na majani na kuoza vizuri, ni mbolea ya bustani.

Tena kumbuka kwamba punda hupenda mwenzake. Ikiwa una punda wawili waliozoeana, ukimwondoa mmoja ghafula, yule wa pili huhuzunika. Anaweza kukataa kula hata akaugua. Kwa hiyo ukiuza punda mzee, unaweza kumpoteza na kijana.

GHARAMA YAKE

Hatusemi kwamba kumweka punda mzee hakuna gharama. Gharama iko. Lakini kwa mkulima si kubwa kama anavyofikiri.

Punda hula majani ya kawaida, hata yaliyokauka. Baada ya mavuno usichome mabua ya mahindi na makapi ya maharage. Yaweke chini ya paa, mvua isiyaozeshe. Yatamsaidia wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa Juni mpaka Oktoba. Kama meno yake ni mabovu, mkatie majani vipande vidogo. Mpe na pumba kidogo uliyoilowesha maji.

Mpe maji safi kila siku. Mjengee banda dogo. Manyoya ya punda hayazuii mvua vizuri, na nyanda za Mwese zina baridi. Punda mzee akilowa usiku kucha huugua.

Banda litakulinda na jambo jingine pia. Fisi humjua mnyama asiyeweza kukimbia.

NJIA MBILI MBAYA

Watu wengi hufuata njia mbili ambazo hazifai.

Njia ya kwanza ni kumfukuza porini. Mtu husema, "Nimempa uhuru." Huo si uhuru. Punda amezoea watu. Atarudi kijijini usiku na kula mazao ya jirani. Ndipo ugomvi utaanza. Au atasimama barabarani na kugongwa na gari. Au ataliwa na fisi akiwa hai. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Njia ya pili ni kumwuzia mtu wa ngozi. Labda unajiuliza, kwa nini mtu mwenye pikipiki anunue punda mgonjwa? Sababu ni ngozi. Huko China ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi. Gundi hiyo hutengenezewa dawa na vyakula, nayo huuzwa kwa bei kubwa. Punda wa China walipopungua, wafanyabiashara walikuja kutafuta Afrika.

Tazama yaliyowapata jirani zetu wa Kenya. Kuanzia mwaka 2016 yalifunguliwa machinjio ya punda. Mwanzoni watu walifurahi kwa bei nzuri. Kisha wizi ukaanza. Mtu alilala na punda, akaamka bila punda. Asubuhi alikuta mabaki tu porini, ngozi imechukuliwa. Bei ya punda ikapanda mpaka aliyeibiwa hakuweza kununua mwingine. Mzigo ukarudi mgongoni na kichwani mwa akina mama. Mwezi wa Februari 2020 serikali ya Kenya ikatoa amri ya kuzuia uchinjaji huo, na jambo hilo likafika mpaka mahakamani.

Mwezi wa Februari 2024 viongozi wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa. Walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa muda wa miaka 15.

Punda huzaa polepole. Hubeba mimba kiasi cha mwaka mmoja, na huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo hafai kubeba mzigo mpaka afike miaka 3 au 4. Kwa hiyo kijiji kikiuza punda wake leo, hakiwezi kupata wengine kesho. Na mtu anayemnunua punda mzee bila kuuliza habari zake, kesho anaweza kumchukua aliye mzima bila kuuliza mwenyewe.

SIKU YA MWISHO

Liko jambo moja zito, lakini yafaa lisemwe. Kumweka punda si kumwacha ateseke. Jiulize maswali haya matatu kila wiki:

Je, anakula mwenyewe?
Je, anatembea mpaka kwenye maji?
Je, akilala anaweza kuinuka mwenyewe?

Kama jibu la yote ni ndiyo, mweke. Kama jibu la mojawapo ni hapana, mwite bwana mifugo. Akisema punda anaweza kutibiwa, mtibu. Akisema hawezi kupona, usiogope. Mwombe aufikishe mwisho wake bila maumivu. Kisha mchimbie shimo refu, mbali na kisima na mto. Kufanya hivyo si ukatili. Ukatili ni kumwacha amelala juani siku tatu huku kunguru wakimdonoa.

TUJITAYARISHE MAPEMA

Iko methali nyingine tunayoipenda: "Punda afe, mzigo ufike." Mfugaji mwenye akili haifuati hata kidogo. Punda akifa leo, mzigo wa kesho utafikaje?

Taabu ya punda mzee huwa kubwa kwa sababu hatukujitayarisha. Tunamtumia mmoja mpaka anaanguka. Ndipo tunatafuta fedha za kununua mwingine, nasi tunashawishika kumwuza yule wa zamani kwa yeyote. Jitayarishe hivi:

- Punda wako akifika miaka 12 hivi, anza kuweka akiba kidogo kila mavuno ili upate kijana.
- Kama ni jike mwenye afya, mzalishe angali na nguvu. Mtoto atachukua kazi ya mama yake.
- Usimbebeshe kupita kiasi. Kilo 40 au 50 zinamtosha punda wa kwetu. Aliyebebeshwa gunia zima kila siku huzeeka kabla ya wakati wake.
- Mwanze kazi akiwa na miaka 4, si miaka 2.

SHAURI LA NYUMBA ILE

Tumrudie baba na mama wa mfano wetu. Baada ya hesabu, baba alikaa kimya. Akasema, "Mama watoto, mimi nilihesabu majani aliyokula. Sikuhesabu maji aliyoleta." Akamwambia mtu wa pikipiki aende zake.

Lakini mama naye hakusema kwamba mambo yote ni rahisi. Alisema, "Maji ya kesho yatabebwa na nani? Mimi sasa nachoka." Basi wakakubaliana. Baba na kijana wao wa kiume wateke maji zamu kwa zamu mpaka punda mwingine apatikane. Sehemu ya fedha za maharage ya msimu huu inunue punda kijana. Yule mzee atamfundisha njia ya bondeni. Mabua yasichomwe.

Ndugu msomaji, hilo ndilo shauri la nyumba ile. Nyumba yako inaweza kuwa na shauri jingine. Lakini msilikate bila yule anayefanya kazi na punda kila siku. Mara nyingi huyo ni mama, au ni mtoto. Msilikate huku mnunuzi amesimama mlangoni na fedha mkononi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika kijiji chako, punda wazee huishia wapi?
2. Punda mmoja hubeba lita 40 kwa safari. Akienda safari tatu kwa siku, ataleta lita ngapi?
3. Taja mambo manne ya kuchunguza kabla ya kusema kwamba punda ni mzee.
4. Kwa nini si vizuri kumwuza punda kwa mtu wa ngozi?
5. Nyumbani kwenu ni nani angebeba mzigo kama punda asingekuwapo? Je, mmewahi kumwuliza maoni yake?