Twende Matembezini: Pugu, Kisarawe na Kibaha

Kila likizo ya shule inapofika watoto wana swali lao moja: "Mama, tutakwenda wapi?" Nasi akina mama tuna jibu letu moja: "Hatuna fedha." Baba naye yuko kazini, na akirudi jioni amechoka. Basi likizo inakwisha, watoto wameishia mbele ya televisheni au barabarani, na sisi tumeishia jikoni.

Lakini matembezi si lazima yawe Ngorongoro au Serengeti. Kwa sisi tunaoishi Dar es Salaam, Kibaha na Kisarawe, msitu, bwawa, mapango na mto viko karibu nasi. Kisarawe iko kama kilometa 30 tu kutoka katikati ya Dar es Salaam. Wapo watu wengi waliozaliwa Ilala wakakua hadi kuoa na kuolewa, wala hawajaingia msitu wa Pugu hata siku moja. Mwezi huu tuwapeleke huko.

Msitu uliotutangulia

Ukipita Gongo la Mboto na Pugu kuelekea Kisarawe, utaona vilima vyenye miti mingi. Hiyo ndiyo misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo leo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ni mabaki ya misitu ya pwani ambayo zamani ilienea sehemu kubwa ya mwambao wa Afrika Mashariki. Baadhi ya mimea na wanyama wake hawapatikani mahali pengine popote duniani ila katika misitu ya namna hii.

Mmoja wao ni komba mdogo aitwaye komba wa Rondo. Uzito wake ni kama gramu 60, yaani hafikii uzito hata wa nusu kikombe cha sukari. Wataalamu walimtambua rasmi kama aina ya peke yake mwaka 1997 tu, na yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Hutembea usiku, hivyo msitegemee kumwona mchana. Mchana mtaona kima na tumbili, vipepeo wengi, na mkinyamaza kidogo mtasikia ndege msiowasikia mjini. Mwambie mtoto ahesabu sauti tofauti za ndege. Mtoto asiyetulia hata dakika tano nyumbani, hapo atatulia.

Ndani ya hifadhi kuna bwawa la Minaki, mahali pazuri pa kutandika mkeka na kula chakula. Tunawasihi jambo moja: mtoto asiingie majini, na mtu mzima mmoja awe na kazi ya kuwatazama watoto tu. Kazi hiyo asipewe mama anayepakua wali. Apewe baba.

Kuna pia mapango ya Pugu, ambayo ni mashimo ya zamani ya kuchimbia kaolini, ule udongo mweupe unaotumika katika kutengeneza vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Siku hizi wenyeji wake ni popo kwa maelfu. Jua likizama hutoka kwa makundi, na watoto hukumbuka jambo hilo kwa muda mrefu. Simameni nje na kutazama. Msiwaingize watoto ndani, kwa maana vumbi la kinyesi cha popo linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu.

Historia iliyo mlangoni

Watoto wetu wanasoma habari za Mwalimu Nyerere darasani. Huko Pugu wanaweza kusimama mahali alipofundishia. Aliporudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952, Mwalimu alipata kazi katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Fransisko, ambayo leo ni Sekondari ya Pugu. Alikuwa mwalimu wa hapo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata ilimlazimu kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi. Mama Maria alikuwa na watoto wadogo wakati huo. Tukiwasimulia watoto habari za Mwalimu kuacha mshahara, tuwakumbushe na mke aliyebaki na nyumba isiyo na mshahara.

Mbele kidogo iko Sekondari ya Minaki, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana waliohamisha chuo chao kutoka Kiungani, Unguja, katika miaka ya 1920. Kama mnataka kuingia katika shule hizi, ombeni ruhusa kwa uongozi kwanza.

Nchi hii ni ya Wazaramo, na kama mnaye bibi au shangazi wa huko, msiende bila yeye. Yeye ndiye atakayewaeleza binti zenu habari za mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti alichopewa mwali wakati wa kufundwa. Maneno ya bibi chini ya mwembe yatakaa moyoni kuliko kitabu.

Kibaha na mto unaotunywesha

Wanaoishi upande wa barabara ya Morogoro wanayo Kibaha, kama kilometa 40 kutoka Dar es Salaam. Hapo lipo Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa serikali ya Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, likakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Shule, hospitali na mafunzo ya kilimo vilianzishwa pamoja, kwa wazo kwamba ujinga, maradhi na umaskini havipigwi kimoja kimoja.

Mkiendelea mbele kupita Mlandizi mtafika mto Ruvu. Unatoka milima ya Uluguru na kuingia bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Waonyesheni watoto maji yale, kisha waambieni: "Haya ndiyo mnayooga na kunywa." Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam na Kibaha hutoka Ruvu. Mwishoni mwa mwaka 2022 mto ulipopungua kwa ukame, tulipata mgawo wa maji, na sisi akina mama ndio tulioamka usiku kukinga ndoo. Mtazameni mto huu kutoka mahali salama, kwa maana una mamba na viboko.

Watoto wanaopenda treni watafurahi zaidi. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro, na ile ya kawaida, isiyo ya haraka, husimama Pugu, Soga na Ruvu. Ulizeni saa na nauli kabla ya kutoka nyumbani.

Mkaa wetu na msitu wetu

Sasa tuseme neno zito kidogo. Misitu hii imeumia sana. Tangu miaka ya 1990 na hata kabla, sehemu kubwa za Kazimzumbwi zilikatwa kwa mkaa, mashamba na viwanja. Mkaa ule haukuliwa na tembo. Uliingia Dar es Salaam kwa magunia na kwa baiskeli, ukaishia katika majiko yetu.

Hatusemi hivi ili kumlaumu mama anayenunua mkaa wa kopo kwa sababu fedha ya mtungi wa gesi haipo. Tunajua hesabu ya jikoni. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo, kila mmoja aanze pale anapoweza: loweka maharage usiku kucha, funika sufuria, zima mkaa unaobaki kwa mchanga ili utumike tena, na mkiweza, akina mama wa mtaa mmoja mchangiane kila mwezi hadi kila mmoja apate mtungi.

Usidhani mama mmoja hawezi kitu. Kaskazini magharibi mwa Uingereza kuna nchi ya milima na maziwa ambako maelfu ya familia huenda kutembea kwa miguu kila mwaka. Mama mmoja aitwaye Beatrix Potter, mwandishi wa vitabu vya watoto, alitumia fedha za vitabu vyake kununua mashamba huko ili yasiharibiwe. Aliolewa mwaka 1913 akiwa na miaka 47, akawa mfugaji wa kondoo. Alipofariki mwaka 1943 aliacha zaidi ya ekari 4,000 zitunzwe kwa ajili ya watu wote. Sisi hatuna ekari 4,000, lakini tunao watoto. Mtoto aliyepumzika chini ya mti wa Pugu hatakuwa mwepesi wa kuukata.

Mambo ya kuandaa

1. Chagueni majira. Juni hadi Septemba ndiyo mizuri, njia zimekauka. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, matope ni mengi.

2. Ulizeni ada ya kuingia hifadhini mapema, maana hubadilika, na ombeni mwongoza njia. Msiingie msituni peke yenu.

3. Vaeni viatu vya kufunika na nguo za mikono mirefu. Malapa yabaki nyumbani. Mbu wapo.

4. Pikeni usiku wa kuamkia safari: mihogo, mayai, chapati, na maji ya kutosha. Njiani Kisarawe mtapata matunda ya msimu.

5. Gawaneni kazi. Baba abebe maji, watoto wakubwa wabebe mkeka na vyombo, wadogo wakusanye takataka ili zirudi nyumbani. Mama akifanya yote, atakuwa amehamisha jiko tu, hakutembea.

6. Simu zikae mfukoni mpaka wakati wa kula. Ongeeni.

Wengi wetu tunawajua watoto wetu kwa madaftari yao na sare zao, na waume zetu kwa bili na ada za shule. Siku moja ya kutembea pamoja haimalizi matatizo ya nyumba. Lakini mtoto wa kidato cha pili asiyesema neno mezani, huenda akakusimulia jambo mkipanda kilima mkiwa wawili. Mpe nafasi hiyo. Panga tarehe leo, iandike kwenye kalenda ya ukutani, na umwambie baba watoto kabla hajapanga lingine.

Tunawatakia matembezi mema.