Mbunge Hapimwi kwa Bati

Kaa kwenye baraza lolote la Chuno, Mtwara, jioni, mazungumzo yakifika kwenye siasa utamsikia mbunge akipimwa kwa alicholeta. Bati za msikiti, jezi za vijana, rambirambi, gari la wagonjwa. Hata mkutano wa mrejesho umechukua sura hiyo: mheshimiwa anasimama na orodha, tunapiga makofi, anakaa. Anayethubutu kuuliza alisema nini Dodoma huambiwa asipoteze muda wa watu, maana bungeni ni maneno tu, kazi iko jimboni.

Imani hii ni ya uongo, na kwa watu wa kusini ni uongo wenye hasara. Ushahidi ni korosho zetu wenyewe.

Ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje uliwekwa kuwa asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Asilimia 65 ya makusanyo ilikuwa ikirudi kwenye zao lenyewe: salfa, miche, utafiti unaofanyika hapo Naliendele. Juni 2018 ukaja Muswada wa Fedha wenye kifungu cha kuupeleka ushuru wote Mfuko Mkuu wa Serikali. Kikapita.

Tupige hesabu. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, na sehemu kubwa mno ya korosho zetu huuzwa nje zikiwa ghafi. Chukua tani 300,000 na kile kiwango cha chini kabisa cha dola 160: ni dola milioni 48. Asilimia 65 yake ni dola milioni 31.2, karibu shilingi bilioni 70 kwa thamani ya wakati ule. Hizo ni za mwaka mmoja, kwa hesabu ya huruma. Sasa nitajie mbunge, wa chama chochote, aliyewahi kugawa bati na jezi za kufidia robo ya hasara hiyo. Misimu iliyofuata mavuno yakashuka. Sisemi sababu ilikuwa moja, lakini mkulima aliyehangaika kutafuta fedha ya salfa anajua kilichompata.

Nitajibiwa kwamba wabunge wa kusini walisema, wa CCM na wa upinzani, na bado wakashindwa. Ni kweli, na kwa hilo nawaheshimu. Ila walikuwa wachache ndani ya ukumbi wenye wabunge zaidi ya 350, na nyuma yao huku nyumbani tulikuwa wangapi tuliojua kwamba muswada huo unajadiliwa wiki hiyo? Miaka mitano kabla tulijua kufuatilia. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Nishati na Madini iliposomwa, Mtwara nzima ilikuwa na masikio Dodoma kwa sababu ya bomba la gesi. Siku ile iliishia kwa moto, vifo na wanajeshi mitaani, na sitamani irudi hata kidogo. Ninachotaka kirudi ni yale masikio.

Nayo masikio yalizibwa. Januari 2016 Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, ambaye alikuwa mbunge wa Mtama hapa jirani, alitangaza kwamba TBC haitarusha tena mikutano ya Bunge moja kwa moja, kwa hoja ya gharama. Usipomwona mbunge wako akizungumza, ni rahisi kuamini kwamba hana kazi huko. Tukabaki kumpima kwa tulichokiona, na tulichokiona ni bati.

Ndiyo maana Novemba 2018, wakulima walipokuwa wamezikataa bei za minadani, Rais Magufuli akaagiza Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya JWTZ yakaingia maghalani, wengi wetu tulilishangilia jeshi na kumsahau mbunge. Kisha wakaja watu wa kuhakiki wakulima, na wapo waliosubiri malipo kwa miezi. Swali la fedha hizo zinatoka kifungu gani, na nani anasimamia malipo, lilikuwa la kuulizwa bungeni. Ibara ya 63 ya Katiba imelipa Bunge madaraka ya kuisimamia Serikali kwa niaba yetu. Hakuna mwingine aliyepewa kazi hiyo.

Vita navyo viko karibu nasi kuliko vilivyo kwa wengi nchini. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, waliuvuka mto Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, wakaua. Uchaguzi Mkuu ulikuwa umebakiza wiki mbili na Bunge lilikwisha kuvunjwa. Julai mwaka uliofuata majeshi ya SADC, pamoja na askari wetu, yakaingia Msumbiji na kukaa hadi 2024. Ibara ya 44 inataka Bunge liitishwe ndani ya siku 14 Rais akitangaza hali ya vita, lakini kupeleka kikosi nchi jirani si kutangaza vita. Kwa hiyo mahali pa mwananchi wa mpakani pa kuhoji ni kwenye bajeti ya Ulinzi, kupitia kinywa cha mbunge wake. Wanaosema mambo ya jeshi ni siri wana haki kuhusu kikosi kimelala wapi. Anayelima bondeni kando ya mto arudi lini shambani, na aliyepoteza mali Kitaya afidiwe na nani, hiyo si siri ya jeshi.

Kisha wapo wazee. Naliendele hiyo hiyo yenye watafiti wa korosho ina makaburi ya askari wetu waliokufa Msumbiji miaka ya 1980, walipokwenda kuisaidia serikali ya FRELIMO dhidi ya RENAMO. Siku ya Mashujaa tunawakumbuka waliolala pale. Walio hai tunawaacha. Mgambo waliokwenda Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 hawakuwa na ajira ya kudumu jeshini, hivyo pensheni ya askari haikuwahusu. Mheshimiwa akimpa mmoja wao kanga na sukari, tunasema amewaona wazee. Mzee huyo alibeba bunduki kwa ajili ya nchi, na anachostahili ni fungu kwenye bajeti linalomfikia kila mwaka bila kutegemea moyo wa mtu.

Hata Mfuko wa Jimbo, ambao wengi wanaudhani mfuko wa mbunge, ni fedha ya umma iliyowekwa kwa sheria ya 2009. Yeye ni mwenyekiti wa kamati tu.

Mkutano ujao wa mrejesho tumwulize mheshimiwa alichangia nini Wizara ya Kilimo ilipoleta bajeti, aliuliza nini kuhusu mpaka wa Ruvuma, na bajeti kuu aliipigia kura gani. Kura hiyo hupigwa kwa kuitwa jina moja moja na huandikwa kwenye Hansard, na Hansard imewekwa wazi kwenye tovuti ya Bunge. Kijana yeyote wa Chuno mwenye simu anaweza kuifungua na kuisoma kabla mheshimiwa hajapanda jukwaani.