Istilahi Zianzie kwenye Ua Lenyewe

Sisi wanaisimu hudhani kuwa mofolojia ni mali yetu, ilhali wanabotania nao huitumia kuchunguza maumbo ya mimea. Taaluma hizi mbili zina la kuambizana, na ushahidi uko kwenye Mlima Elgon, jirani na Kitale na Bungoma.

Huko humea jamaa wawili wa oda ya Ranunculales. Ua la manjano la Ranunculus multifidus lina sepali za kijani nje na petali ndani. Clematis simensis, mmea utambaao juu ya miti, hauna petali kabisa. Vile vipande vyeupe vinavyomvutia mtazamaji ni sepali; katika mageuko ya mimea hiyo, sepali zimetwaa kazi ya petali. Basi fasili isemayo kuwa petali ni “sehemu ya ua yenye rangi” humpotosha msomaji.

Mwanafunzi wa Kiswahili asistaajabu. Nomino “kiongozi” ina umbo la KI-VI, lakini husemwa “kiongozi amefika”. Umbo na uamilifu havifuatani daima.

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya 2010 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi. Hatua inayofuata ni yetu. Anayefasili istilahi za mimea hana budi kuketi na mwanabotania, ua likiwa mkononi. Kutafsiri kamusi ya Kiingereza pekee hakutoshi.